Mezanini ya chuma: cheka pleti, plaiwudi au zege? Sitaki sakafu inayonesa

MamaMajora
Wakuu, habari za leo. Nataka kujenga mezanini ya chuma, yaani sakafu ya juu ndani ya ghala, hapa Dar. Nimeita mafundi watatu, kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka cheka pleti (bamba la chuma lenye michoro ya kuzuia utelezi) ya 6 mm juu ya chaneli (boriti za umbo la U), wa pili plaiwudi ya 18 mm juu ya IPE 200 (boriti za umbo la I, kina 200 mm), wa tatu bati la sakafu na zege juu yake. Bei zimepishana mno. Hofu yangu ni kunesa. Niliwahi kufanya kazi juu ya sakafu ya namna hiyo, jioni nikishuka ngazi miguu ilikuwa kama bado imo kwenye boti. Mnanishauri ipi? Nawasilisha.

Welda_Buguruni
Cheka pleti, dada, usijisumbue. Nimefunga nyingi na hakuna iliyoanguka. Ila lehemu kila kiungo. Bolti zinalegea, ndizo zinazofanya sakafu icheze.

NguzoSita
Mtu hawezi kujibiwa hivyo. Boriti zina urefu gani toka nguzo hadi nguzo? Zimeachana kiasi gani? Juu kutakaa nini? Bila hayo tunapiga ramli.
Na Welda, kutoanguka ni jambo moja, kutonesa ni jingine kabisa.

MamaMajora
Samahani, nilisahau. Eneo ni mita 12 kwa 6. Boriti zitakuwa za mita 6, zimeachana mita moja na nusu, katikati hakuna nguzo. Juu nitaweka cherehani 14 za kiwandani, meza ya kukatia na majora ya vitambaa. Chini ni duka. Nadhani cherehani ndizo zitakazotikisa.

Mhandisi_Ziwa
Cherehani ziache. Ikishona mishono 4,500 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 75 kwa sekunde, mbali sana na mdundo wa sakafu, yaani mara ambazo sakafu hunesa yenyewe kwa sekunde ikiguswa. Adui yako ni miguu. Mtu hutembea takriban hatua mbili kwa sekunde, na hatua hizo zina mwangwi wake kwenye mara nne na mara sita kwa sekunde. Sakafu yenye mdundo wa asili wa mara nne kwa sekunde itaitikia kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake.
Kukadiria ni rahisi. Chukua milimita ambazo sakafu inashuka katikati kwa uzito wake na vitu vinavyokaa juu yake siku zote, jumlisha boriti ndogo na kubwa. Tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 18 kwa jibu hilo. Jibu ndilo mdundo wa sakafu kwa sekunde. Ikishuka milimita 9 unapata 6. Ikishuka 20 unapata 4, na hapo kila anayepita atajulikana.
Fundi akikwambia "nimezingatia urefu kugawa kwa 360", hicho ni kikomo cha kupinda. Hakisemi lolote kuhusu nyayo.

Shimanzi_Msa
Mimi yalinifika hapa Mombasa, naomba niyaeleze yote. Tulijenga ofisi juu ya ghala la viungo, boriti za mita 8, cheka pleti juu. Mkandarasi alitujazia magunia siku ya kwanza, sakafu haikusogea, tukamlipa. Wiki ya pili karani wa mizani akaniita. Mizani ya dijiti ya kupimia iliki ilikuwa haitulii. Kijana wa chai akipita na sinia, tarakimu zinapanda gramu tatu, zinashuka mbili, zinapanda tena, na karani amesimama na kalamu mkononi anasubiri. Ukitazama kikombe mezani unaona chai inajichora duara. Wasichana wawili wa hesabu wakaanza kulalamika kichwa. Tukaongeza mipira chini ya meza, hola. Tukalehemu upya viungo vyote vya bolti, hola. Mwisho tukatia nguzo mbili katikati, ikatulia siku ileile, lakini folklifti haikupita tena na mpangilio wa ghala ukaharibika. Laiti ningeuliza mapema.

Welda_Buguruni
Pole. Ila pleti ingekuwa ya 8 mm?

Mhandisi_Ziwa
Isingesaidia, boriti ndiyo iliyokuwa inapinda. Boriti ikiongezwa urefu mara mbili kwa mzigo uleule kwa kila mita, inashuka mara kumi na sita. Na kina cha boriti kina faida kuliko unene wa pleti: IPE 240 ina ukakamavu mara mbili ya IPE 200, na uzito unaongezeka kutoka kilo 22 kwenda karibu 31 tu kwa mita. Dada, badilisha hiyo kwanza.

NguzoSita
Uzito wa sakafu nao ni dawa. Zege la sentimita 10 ni kilo 240 kwa mita ya mraba, cheka pleti ya 6 mm ni kama 50, plaiwudi ya 18 mm haifiki 15. Mguu uleule mmoja unahangaika kusogeza zege. Mimi ni zege tu.

Shimanzi_Msa
Hata wakubwa hukosea. Daraja la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 2000 likafungwa baada ya siku mbili kwa sababu lilikuwa linayumba watu wakitembea. Lilirudi kutumika 2002.

Welda_Buguruni
Lile liliyumba kushoto na kulia. Hii inanesa juu na chini.

MamaMajora
Nilichosahau tena: ghala ni la kupanga, mkataba miaka mitano.

NguzoSita
Hilo ungelitaja mwanzo! Zege utamwachia mwenye nyumba. Na sakafu ya chini ina unene gani? Nguzo inayobeba zege la juu inaweza kuipasua.

Mhandisi_Ziwa
Basi plaiwudi mbili zilizobanwa pamoja juu ya IPE 240, viungo vya bolti ili uhame navyo. Bolti iliyokazwa vizuri, kwa mtikisiko mdogo wa nyayo, hujibu karibu kama iliyolehemewa. Njia ya kupita ipite kandoni, karibu na nguzo. Majora yakae katikati.

Welda_Buguruni
Majora katikati yatapindisha boriti. Sikubali.

MamaMajora
Kesho namuuliza mwenye ghala unene wa sakafu. Akikubali nguzo moja ya katikati nitarudi hapa.

Fundi_Ngazi
Na ngazi je? Ya kwangu ya chuma inalia kila mtu akipanda. Nayo ni boriti tu au kuna kingine?