Nimeambiwa niwafundishe wenzangu kinga ya maambukizi, wananicheka. Naomba ushauri

NesiWaUsiku:
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa mlioko sekta ya afya, ila hata asiye nesi karibu.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa tatu kazini, kituo cha afya Kanda ya Ziwa. Mwezi uliopita nilipelekwa semina ya siku tatu ya kinga na udhibiti wa maambukizi. Kurudi tu, mganga mfawidhi akanitangaza kwenye kikao cha asubuhi kwamba mimi ndiye msimamizi wa IPC (ndiyo hiyo kinga na udhibiti wa maambukizi) na nitawafundisha wote. Makofi. Sista mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Posho kala peke yake, na mafunzo ale peke yake." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Nimeshafanya kipindi kimoja. Saa nane mchana, ukumbini, slaidi 64 nilizotoka nazo kule. Walikuja 11. Wawili walisinzia, mmoja alikuwa anamenya chungwa. Nyakati 5 za kutakasa mikono tukazitaja wote kwa sauti: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Waliitikia kama darasa la kwanza. Kesho yake niko zamu, yule aliyejibu vizuri kuliko wote anatoka kitanda cha 3 kwenda cha 4 na glavu zilezile, anachoma dawa kwenye kanula (kile kimrija cha mshipani). Mwingine anarudishia kifuniko cha sindano kwa mikono miwili. Huyu ni mama wa miaka hamsini na kitu, ndiye alinishika mkono nilipokuja kujifunza kazi. Namwanzaje?

Na koki ya wodi ya wazazi imekauka tangu mwezi wa tatu.

Nirudie semina? Au nimwombe mfawidhi atoe barua za onyo?

PatroniMkali:
Barua. Nimesimamia wodi miaka 12, bila karatasi kwenye faili mtu hanawi. Tengeneza fomu ya ukaguzi, pita kila asubuhi, weka tiki, asiyefuata jina ubaoni. Watazoea.

BibiMkunga:
Patroni, nakuheshimu lakini hapo hapana. Ukibandika majina ubaoni, siku mtu akijichoma sindano hatakwambia. Atanawa, atanyamaza, atarudi nyumbani kwa mumewe.

Mwanangu NesiWaUsiku, mimi nimestaafu baada ya miaka 34 ya ukunga. Mwaka 1996 nilijichoma nikirudishia kifuniko, kwa mikono miwili kama huyo mama yako. Kidole cha shahada cha kushoto. Enzi zile kwetu dawa za kujikinga baada ya ajali hazikuwepo. Nilikaa miezi mitatu nikingoja kipimo, sijamwambia mtu, na baba watoto alidhani nimemchoka. Nilitoka salama. Huyo mama usimfundishe mbele ya watu. Mfuate chumba cha dawa mkiwa wawili, muulize, "Mama, hivi umewahi kujichoma?" Halafu kaa kimya usikilize. Nakuhakikishia ana hadithi. Ukishaisikia, boksi la sindano lisogeze kwenye troli yake. Mara nyingi mtu anarudishia kifuniko kwa sababu boksi liko mwisho wa wodi na anaogopa kutembea na sindano tupu mkononi.

Na koki kwanza. Mtu anachota maji kisimani, wewe unamwambia asugue mikono sekunde 40 mpaka 60? Ndoo yenye koki, stuli, beseni chini. Sabuni ya mche ikate vipande vidogo, weka kwenye kisahani chenye matundu isilale kwenye maji.

Kijiweni:
Nimeingia nikidhani kuna umbea wa nesi na daktari, nakutana na beseni. Haya, naketi.

FundiMaabara:
Ongezea hii, ndiyo itakayowaamsha waliosinzia. Damu ya mgonjwa mwenye VVU ikikuchoma kwa sindano, hatari ni kama watu 3 kwa kila 1,000. Homa ya ini C haizidi kama 2 kwa 100. Homa ya ini B, kama hujachanjwa, inaweza kufika 30 kwa 100. Wote wanaiogopa ya kwanza, ya mwisho hawaijui. Waulize wangapi wamemaliza dozi 3 za chanjo ya B. Usiulize "wamechanjwa", uliza "wamemaliza", maana wengi huishia ya pili.

Chumba cha sindano bandika karatasi MOJA, herufi kubwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, toa taarifa sasa hivi, PEP (dawa za kujikinga na VVU baada ya ajali) ndani ya saa 72 (ukianza ndani ya saa chache ni bora zaidi), meza siku 28. Na namba ya simu ya anayetunza hizo dawa usiku. Bila hiyo namba karatasi haina kazi.

DadaWaThieta_Mombasa:
Salamu kutoka Mombasa. Dadangu, hizo slaidi 64 ziwache. Sisi tulifanya hivi: kila mtu anavaa glavu nyeupe, anafumba macho, unammiminia kijiko cha rangi ya maji ya watoto wa shule, ya buluu, unamwambia "nawa kama kawaida yako". Halafu afumbue. Kidole gumba hakina rangi. Ncha za vidole hazina rangi. Mgongo wa mkono una michirizi. Daktari wetu mmoja alitazama gumba lake kitambo, akaomba glavu nyingine arudie. Dakika kumi, wakati wa kupokezana zamu, wodini penyewe, kila mtu amesimama.

Jambo jengine, kama bado mnaloweka vyuma kwenye klorini kabla ya kuosha: mwongozo wa WHO wa 2016 haupendekezi tena. Klorini yala chuma, na damu yaipunguza nguvu. Osha kwa sabuni na brashi kwanza, umevaa glavu nzito na miwani, ndipo uende kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke).

PatroniMkali:
Tumeloweka dakika 10 tangu chuo na hakuna aliyekufa.

DadaWaThieta_Mombasa:
Kaka, na mikasi yenu yadumu muda gani?

PatroniMkali:
😅 Hapo umenipata.

MamaFagio:
Naomba na mimi niseme. Mimi ni mhudumu, nafagia na kubeba taka. Semina zote wanaitwa manesi na madaktari. Jiki, hiyo dawa ya klorini, nachanganya mimi. Mpaka mwaka juzi nilikuwa napima kwa pua, ikiniwasha najua imekolea. Hakuna aliyenionesha. Na sindano ilinichoma pajani kutoka mfuko mweusi, ule wa taka za kawaida, maganda ya ndizi. Nani aliiweka humo? Kwahiyo dada, ukifundisha usitusahau sisi.

FundiMaabara:
Mama, pole sana. Hesabu ni hii: asilimia ya klorini iliyo kwenye chupa gawanya kwa unayotaka, toa 1. Jiki ya 3.5 kupata 0.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1 = 6. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji, kikombe kilekile. Changanya kila siku, weka kivulini, funika. Soma lebo kila chupa mpya, si zote ni 3.5.

Kijiweni:
Utani pembeni. Mwaka 2023 Marburg ilipoingia Kagera, wahudumu wa afya walikuwemo kwenye wagonjwa, na mmoja alifariki. Shemeji yangu ni nesi Bukoba. Fundisheni hata kwa kulazimisha.

NesiWaUsiku:
Mrejesho, wiki mbili zimepita. MamaFagio, ujumbe wako niliusoma mara tatu. Wahudumu wetu 4 ndio nilioanza nao, kikombe mkononi. Mmoja amechora mstari kwa msumari kwenye ndoo asilazimike kuhesabu.

Rangi ya buluu imefanya kazi, ila nilikosa glavu nyeupe za kutosha, tukatumia za kupima wagonjwa na mtunza stoo amenuna mpaka leo. Chanjo: tuko 19, waliomaliza dozi 3 ni 6. Mfawidhi mwenyewe alikuwa na moja. Ameandika barua wilayani siku hiyohiyo.

Koki bado. Ndoo mbili zimenunuliwa kwa mchango, mfawidhi kaongezea stuli.

Kwa yule mama nilifanya kama alivyosema Bibi. Alikuwa na hadithi, tena mbili. Sitaziandika hapa. Boksi sasa linakaa kwenye troli, na sijamwona akirudishia kifuniko, ingawa zamu zetu haziingiliani kila siku. Juzi usiku kanifuata deskini, nikajua nimekosea kitu. Akasema, "Wewe mtoto, hii ndoo saa tisa usiku ikiisha maji, anaijaza nani?"

Nimekosa jibu. Kwenu anajaza nani?