Pikapu inanesanesa nyuma: nitajuaje shoki zipi zimekwisha kabla ya kununua nne?

Mbeba Nazi, Jomvu
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina Toyota Hilux ya mwaka 2008, ya kebini moja, ambayo huitumia kubebea nazi kutoka Kaloleni hadi soko la Kongowea, na baadhi ya mzigo huuvusha kwa feri kuelekea Ukunda. Kwa miezi miwili sasa, ninapokuwa sina mzigo, upande wa nyuma hurukaruka kwenye mashimo, na nikishapita tuta gari huendelea kunesanesa kama mashua. Nikishika breki kwenye mteremko wa kuingilia feri pale Likoni, pua huinama sana. Aidha, nikipakia, upande wa kushoto wa nyuma hulala kuliko wa kulia. Fundi mmoja ameniambia nibadilishe shoki (vituliza mtikisiko vya magurudumu) zote nne mara moja. Mwingine ameshikilia kwamba shoki hazina neno, ubovu uko kwenye springi. Fedha za kununua nne nimezipata kwa tabu, nami sipendi kuzitumia kwa kubahatisha. Je, naweza kuzipima mwenyewe?

Msafiri wa Mtwapa
Waalaikumu salaam. Simama kwenye kona moja ya gari, ulikandamize kwa nguvu mara tatu au nne, kisha uliachilie ghafla. Likipanda na kutulia, shoki ni nzima; likiendelea kunesa mara mbili au zaidi, imekufa.

Fundi Mstaafu, Changamwe
Kipimo alichokitaja ndugu yetu kinafaa kwa gari dogo, na hata kwa upande wa mbele wa pikapu yako, lakini kwa nyuma kitakudanganya. Springi za nyuma za pikapu ni vyuma bapa vilivyopangwa tabaka ili vibebe mzigo mzito, na ni vigumu mno kwa mikono ya mtu mmoja, kwa hiyo hata shoki iliyokufa kabisa inaweza kuonekana nzima.

Nakusihi kwanza utenganishe mambo mawili ambayo mafundi wako wameyachanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito. Kazi ya shoki ni kutuliza mtikisiko, kwa kuyalazimisha mafuta yaliyomo ndani yapite kwenye matundu madogo ya vali, hadi nguvu ya mtikisiko igeuke kuwa joto. Kwa sababu hiyo, kulala upande wa kushoto hakutokani na shoki, na shoki mpya hazitauinua. Osha tope, kisha ukague springi ya upande huo jani kwa jani, yaani kila chuma bapa, hasa karibu na boliti ya katikati, kwani nadhani utakuta jani lililovunjika.

Joto hilo hilo ndilo kipimo chako cha shoki. Endesha gari kwa takriban dakika 20 kwenye barabara mbovu, kisha egesha na uguse mwili wa kila shoki kwa tahadhari, ukijiepusha na bomba la moshi. Za ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu ya kushoto na kulia, zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Iliyobaki baridi ilhali mwenzake ina joto haifanyi kazi. Baada ya hapo tazama mafuta: unyevu mwembamba ulioshika vumbi karibu na sili (kizibo kinachozuia mafuta yasivuje) si kasoro, lakini mafuta yakiwa yametiririka hadi chini, shoki hiyo imekwisha. Kagua pia bushi za mpira juu na chini, pale shoki inapofungwa kwenye gari, maana bushi iliyolika hugonga na kumfanya mtu ailaumu shoki nzima. Mwisho, pitisha kiganja juu ya tairi. Ukihisi mabonde na vilima kuzunguka tairi, gurudumu hilo limekuwa likirukaruka kwa muda mrefu.

Ukibadilisha, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja. Kununua nne si lazima ikiwa za mbele ni nzima.

Mama Shamba, Kilifi
Naomba kuongeza jambo kwa sababu sisi wa pwani chumvi haituachi. Nati za shoki hushikwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Usikubali kamwe fundi azikate kwa moto wa gesi, kwa kuwa ndani mna mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa, nazo zinaweza kulipuka usoni. Za mbele kwenye gari lako zimezungukwa na springi ya koili iliyobanwa, kwa hiyo mpelekee mtu mwenye kifaa cha kuibana. Kwa nyuma, weka stendi chini ya ekseli. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Mbeba Nazi, Jomvu
Nimerejea, na ninawashukuru kwa dhati. Nilipotoka Kaloleni shoki ya nyuma kulia ilikuwa na joto, ya kushoto ilikuwa baridi kabisa na mafuta yake yametiririka hadi kwenye bushi ya chini. Za mbele ni kavu, na bampa ya mbele hutulia mara moja. Springi ya kushoto, baada ya kuoshwa, imeonyesha jani la pili limepasuka. Nitanunua shoki mbili za nyuma na kutengeneza springi. Lakini nimeona shoki moja imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake. Je, kuna aliyekosea?

Fundi Mstaafu, Changamwe
Hakuna aliyekosea, zimepangwa hivyo kiwandani ili kuizuia ekseli isijipinde unapokanyaga mafuta au breki, kwa hiyo zirudishe vivyo hivyo. Tengeneza springi kwanza. Shoki mpya isimamishe wima, uisukume na kuivuta mara kadhaa hadi hewa itoke kwenye mafuta na uhisi ukinzani usiokatika. Nati zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limekwisha kushuka na kusimama kwa magurudumu yake, kwa maana ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi utabaki umejipinda na utachanika mapema. Ukishasafiri siku mbili tatu na mzigo, zikague tena kwa spana.