Mjadala: Upimaji wa reli ya Pasifiki, 1853. Sayansi au siasa?

Mleta mada:
Wakuu, Machi 1853 Bunge la Marekani lilitenga dola 150,000 jeshi likatafute njia bora ya reli kutoka Mto Mississippi hadi Pasifiki. Upande wa Atlantiki reli zilishaanza kusogea magharibi, ugomvi ukawa ni ipite wapi. Wabunge wa Kaskazini wanavutia kwao, wa Kusini kwao, mwisho mzigo wakatwishwa wapimaji. Msimamizi? Waziri wa Vita Jefferson Davis, mmiliki wa watumwa kutoka Mississippi, ambaye 1861 akawa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Akapendekeza njia ya latitudo ya 32, ya kusini kuliko zote zilizopimwa. Kwangu mimi hukumu ilitangulia ushahidi.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, usimhukumu mtu kwa alikotoka. Njia ya 32 haisumbuliwi na theluji, na haina ukuta kama wa milima ya Sierra Nevada. Shida yake ni maji tu. Halafu mbona humsemi Isaac Stevens? Alipima njia ya kaskazini huku tayari ni gavana wa eneo la Washington, kule kule ambako reli ingeishia! Naye hakuwa na upande?

Mchangiaji wa 2:
Stevens alikuwa na upande, sawa, lakini wa chini yake walimwangusha. McClellan, ofisa wa jeshi chini yake, alitumwa kukagua mapito ya milima ya Cascade, akageuza akidai theluji ni nyingi mno. Januari 1854 Tinkham, mpimaji mwingine wa Stevens, akavuka pito la Snoqualmie kwenye milima hiyo hiyo, katikati ya baridi. Na Whipple, mpimaji wa njia ya latitudo ya 35, makadirio yake ya gharama yalitoka kama dola milioni 169. Baadaye ikaonekana hesabu zilikosewa, ilikuwa kama milioni 94. Kwa makaratasi ya namna hiyo Davis angeweza kuchagua chochote.

Mleta mada:
Ongeza na hili. Mkataba wa Gadsden wa kununua ardhi ya Mexico, hasa kwa ajili ya reli ya kusini, ulitiwa saini Desemba 1853. Wapimaji bado wako porini! Nani ananunua kiwanja kabla fundi hajakikagua?

Mchangiaji wa 3:
Wote mnajadili kama vile nchi ilikuwa tupu. Oktoba 1853 Kapteni Gunnison, mpimaji wa njia ya kati, na wenzake saba waliuawa Utah na Wapahvant, wenyeji wa huko, muda mfupi baada ya wahamiaji kumuua mzee wao. Bora kwa nani, hiyo njia?

Mchangiaji wa 1:
Hoja nzito, ila inastahili uzi wake. Kwa swali la leo: sheria ya reli ilipita 1862, wabunge wa Kusini wakiwa wameshaondoka, na 1869 reli ikaunganishwa Promontory, Utah, kwa njia ya kati. Siasa hiyo, nakubali. Lakini kufikia 1883 treni za kampuni ya Southern Pacific zilikuwa zinapita juu ya ardhi ile ile ya Gadsden. Sasa Davis alikosea njia, au tunamchukia tu?