Kitambaa cha pembeni ya nepi kinavutika na hakichaniki, kinatengenezwaje? (niko Dodoma)

Fundi_Changombe

Habari za saa hizi wadau. Mimi ni fundi cherehani, niko Chang'ombe hapa Dodoma, nashona sare za shule na ile mifuko mbadala. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, yuko kitandani, tunamvalisha nepi za watu wazima na bei yake wenye wagonjwa mnaijua. Nikaamua nimshonee mwenyewe, ndani naweka taulo la kufulika na nje naweka spanbondi nyeupe ya jora, ile ile ya mifuko.

Katikati pako vizuri kabisa. Shida ni mbavuni pale panapofungia kiunoni, kila tukimgeuza mama ubavu panachanika, tena panachanikia palepale kandokando ya mshono. Nikaweka lastiki nyembamba, ikakaza mpaka akabaki na alama nyekundu kwenye ngozi, nikaitoa siku hiyo hiyo maana roho iliniuma.

Juzi nikachukua nepi mpya ya dukani nikaikata na mkasi nione ndani. Pale pembeni kuna kipande kama upana wa kiganja, ukikishika ni spanbondi tu, laini, ina vile vidoti vidogo vidogo, lakini ukikivuta kinaenda karibu mara mbili yake halafu kinarudi. Nimekishika kwenye mwanga wa dirisha natafuta uzi wa lastiki sijauona. Nikakivuta kwa nguvu zangu zote, hakichaniki. Sasa naombeni mnisaidie, kile kitambaa wanakitengenezaje mpaka kinavutika na bado ni imara? Na je hapa Dodoma naweza kupata au kutengeneza kinachofanana nacho? Majengo na Sabasaba nimezunguka, nikieleza wananiletea lastiki.

Mzee_wa_Rola

Pole sana dada na kuuguza, Mungu ampe mama nafuu. Mimi nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha hivi vitambaa Dar kabla sijahamia Kizota, nitakueleza nilichokuwa nakiona kwa macho yangu kila zamu.

Hiyo spanbondi yako ni polipropilini, aina ya plastiki. Zinakuja punje nyeupe kama mchele, zinaingia kwenye pipa refu la chuma lenye skrubu ndani, ukitaka kuielewa nenda kaangalie mashine ya kukamua alizeti, ni skrubu ile ile inayosukuma mbele, tofauti hapa pipa linapashwa moto. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, sisi tulikuwa tunaipandisha zaidi ya 200 ili itiririke vizuri. Inapitishwa kwenye bamba lenye matundu maelfu kwa maelfu, inatoka nyuzi nyuzi kama tambi, na hapo ndo penye siri ya uimara: hewa yenye kasi kubwa inazishika zile nyuzi zikiwa hazijaganda vizuri na kuzivuta. Uzi ukivutwa hivo unakuwa mwembamba na chembe zake ndani zinajipanga kuelekea upande mmoja, ndo maana uzi mwembamba kuliko unywele unakuwa na nguvu. Usipovutwa unakatika kama tambi kavu. Zikishavutwa zinamwagwa kwenye mkanda unaotembea, chini ya mkanda kuna feni inanyonya, zinalala ovyo ovyo kama majani makavu, halafu zinapita katikati ya rola mbili za moto, moja ina vichwa vidogo vidogo. Kila kichwa kinapogusa nyuzi zinashikana. Ndo vile vidoti ulivoviona. Hakuna aliyefuma, hakuna aliyeshona.

Sasa ona tatizo liko wapi. Uzi umeshavutwa kiwandani hadi ukafika mwisho wake. Ukija wewe kuuvuta tena hauna pa kwenda, unakatika. Kwa hiyo kile kitambaa cha nepi kina vitu viwili, kimoja kinabeba nguvu na kingine kinarudisha. Kachukue kile kipande chako, shika tabaka la juu na la chini kwa kucha, ujaribu kuzitenganisha taratibu, katikati utakuta kama kingozi chembamba. Hicho ni elastoma, yaani plastiki inayovutika na kurudi kama mpira. Nje zote mbili ni spanbondi.

Ila ukibandika tu spanbondi kwenye elastoma haivutiki, maana ile ya nje inakataa. Kwa hiyo wanakipitisha kwenye rola zenye meno yanayoingiliana, meno ya juu yanaingia kwenye mabonde ya chini, kitambaa kinavutwa vipande vyembamba vyembamba bila kuchanika chote. Nyuzi za nje zinalegea, nyingine zinakatika, elastoma inarudi ilipokuwa. Kuanzia hapo ukivuta, ya nje haileti ubishi mpaka ifike pale ilipokwisha kufikishwa na yale meno.

Njia nyingine ambayo mimi ndo naipenda, dada unaweza kuijaribu mwenyewe sasa hivi. Chukua mfuko wa wavu wa vitunguu, uvute kwa urefu. Unaona unavosinyaa upana? Ukiwa umesinyaa hivo, ukiuvuta kwa upana unakubali, unafunguka bila kukatika uzi hata mmoja. Viwandani wanafanya vilevile, spanbondi inavutwa kwa urefu ikiwa na joto mpaka inakuwa nyembamba kwa upana, ikiwa hivo hivo imesinyaa inabandikwa kwenye elastoma. Hapo nyuzi zinageuka tu mwelekeo, hazikatiki, uimara wote unabaki.

Barobaro_Nzuguni

Mzee hii ni darasa. Sasa swali, si aweze tu kuyeyusha zile punje za elastoma zenyewe akatengeneza kitambaa chote kivutike? Na hata nyumbani na sufuria nzito na kipulizio cha hewa naona inawezekana, kuna video nimeona mtu anatengeneza pamba ya sukari.

Mwl_Kemia_Kongwa

Mbukwenyi wandugu. Nijibu la kwanza, la pili namwachia Mzee.

Elastoma inavutika kwa sababu kila mnyororo wa chembe zake una sehemu mbili. Kuna sehemu ndefu iliyolegea, imejikunja kunja kama uzi uliotupwa sakafuni, na kuna sehemu fupi ngumu ambazo zinashikana na wenzake kama mafundo. Ukivuta, sehemu iliyolegea inanyooka, mafundo yanazuia minyororo isiteleze moja kwa moja. Ukiachia inajikunja tena. Nyuzi za spandeksi zilizomo kwenye taiti na soksi zinafanya kazi hivo, ni jamii ya poliyurethani, alizitengeneza Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958 na zinaweza kuvutwa mara tano na zaidi ya urefu wake zikarudi. Tofauti na mpira wa tairi ni kwamba mafundo ya tairi yamefungwa na salfa, hayafunguki kwa moto, ila za aina hii nyingi ukizipasha yanaachia na zikipoa yanashikana upya, kwa hiyo zinaweza kuyeyushwa na kupitishwa kwenye matundu kama polipropilini.

Kitambaa cha elastoma tupu wanatengeneza kweli, lakini kina mambo mawili. Kinanata, ukikikunja kwenye jora tabaka zinagandana, na ukikigusisha ngozi unahisi kama umevaa glovu. Ndo wakaja na uzi wa tabaka mbili, katikati elastoma, nje koti jembamba la polietilini au polipropilini, kama waya wa umeme na plastiki yake. Koti ndilo linalokuwa laini mkononi, na ndilo linaloshikana kwenye rola ya moto.

Mzee_wa_Rola

Kijana, sufuria hapana. Nakuomba na wengine wanaosoma msijaribu. Plastiki iliyoyeyuka ikikurukia inaganda kwenye ngozi na haitoki bila kutoka na nyama, nimeshuhudia mwenzangu zamu ya usiku akiungua mkono wote, hadi leo kidole hakikunji. Na ule moshi wake ndani ya chumba si wa kuvuta. Halafu hata ukifanikiwa utapata pamba dhaifu, kama lile tabaka la katikati la barakoa. Lile wanalipuliza na hewa ya moto, nyuzi zake ni mikroni 1 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa kuchuja hazina mpinzani ila kwa kubeba nguvu hazifai, ndo maana linawekwa katikati ya spanbondi mbili.

Dada, turudi kwako. Fanya kazi yao kwa cherehani. Kanunue kitambaa cha taiti, kile kizito chenye spandeksi. Kata kipande urefu sm 10, kivute mpaka sm 18, kibane na pini kwenye ubao kikiwa kimevutika. Juu yake laza spanbondi ya sm 18 na chini yake nyingine. Shona zigizaga mistari mitatu minne iliyoachana, toa pini, uachie. Itajikunja mikunjo midogo. Ukivuta, taiti ndo inafanya kazi, na ikifika sm 18 spanbondi inakaza na kusema basi. Hapo taiti haiumii na nepi ya mama haichaniki. Sehemu iwe pana, kama kiganja, isiwe kijistari cha lastiki.

Nina maswali mawili. Hiyo spanbondi unaikata ukifuata urefu wa jora au upana? Na sindano unatumia namba ngapi?

Fundi_Changombe

Nimetenganisha kile kipande, kweli kuna kingozi katikati! Chembamba sana halafu kina vitundu.

Nakata upana, maana napata vipande vingi bila kubakiza. Sindano 16, ndo ninayoshonea sare. Spanbondi ni ya mifuko, GSM 70.

Mzee_wa_Rola

Basi umeshajijibu. Mkanda wa kiwandani unapotembea nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo, kwa hiyo jora lina nguvu zaidi kwa urefu kuliko upana. Sisi kiwandani kila jora tulikuwa tunakata ukanda wa upana sm 5 unaofuata urefu wa jora na mwingine unaofuata upana wake, tunavuta kwenye mashine. Wewe fanya na ndoo. Na hiyo sindano 16 inatoboa matundu makubwa yaliyokaribiana, unakuwa umemchorea njia ya kuchanika, kama karatasi ya risiti. Weka 11 ya kichwa duara na mshono mrefu, mm 3 au 4.

Gramu 70 kwa mita ya mraba ndo kiwango cha mifuko kilichowekwa baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kwa nepi ni nzito, inakwaruza. Ukipata ya 40 weka hiyo mbili mbili, laini zaidi na nguvu utapata.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu hongera kwa kumtunza mama. Alama nyekundu ukiibonyeza na kidole ikibaki nyekundu bila kupauka hata kidogo, usiisubiri, mpeleke aangaliwe, hapo kidonda cha kitandani kinaanza. Ukishamfunga hiyo nepi, vidole vyako viwili vipite kati ya mkanda na ngozi bila kulazimisha. Na mishono yote igeuzie nje, isikae upande anaolalia.

Pia usianike juani. Hilo jua letu la Dodoma linaila spanbondi, utaona mifuko iliyosahaulika kwenye kamba inakuwa unga ukiishika. Kivulini inakauka haraka tu maana hainywi maji. Na pasi usiiguse kabisa.

Fundi_Changombe

Nimerudi wadau, samahani nimekaa siku nyingi, nilikuwa nafanya majaribio nikipata nafasi usiku.

Kwanza ndoo. Nilikata kanda mbili za sm 5, moja ya urefu moja ya upana, nikafunga juu kwenye boriti ya banda na chini nikaning'iniza ndoo ya lita 20 tupu, halafu namimina maji kwa jagi la lita moja moja, mwanangu anahesabu. Ya upana ilikatika kwenye jagi la tisa. Ya urefu ikafika la kumi na nne. Jora moja, siku moja! Miaka yote nakata mifuko sikuwahi kujua hilo, na mikanda ya mifuko nayo nimeanza kuikata kwa urefu.

Spanbondi ya 40 nimeipata kwa muuzaji wa vifuniko vya masofa. Nikashona kama Mzee alivosema, ya kwanza iliharibika maana pini zilichomoka taiti ikarudi katikati ya kushona, nikatengeneza ubao wenye misumari pande mbili, sasa naning'iniza taiti kwenye misumari na mikono yote miwili inakuwa huru. Sm 10 inakwenda hadi 18 inasimama pale pale kama imegonga ukuta. Nikiachia inarudi 10 na nusu. Baada ya kumvalisha usiku mzima asubuhi nilipima ni 11.

Mwl_Kemia_Kongwa

Hiyo nusu inayobaki ni kawaida, baadhi ya mafundo huteleza kidogo mara ya kwanza. Wewe endelea kupima kila unapofua. Ikifika 12 na nusu badilisha kile kipande cha pembeni tu, usitupe nepi nzima.

Fundi_Changombe

Sawa mwalimu, nimeandika kwenye daftari. Leo ni siku ya sita, tumemgeuza asubuhi, mchana na jioni, haijachanika hata uzi, na kiunoni nimeangalia na tochi hakuna alama. Mama hawezi kuongea vizuri bado, ila nilipomaliza kumfunga alipeleka mkono ule mzima pembeni, akaivuta kidogo, akaiachia, akaivuta tena.