Mrejesho: wale nyigu kwenye miti yangu ya matunda

Jamani nimerudi, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje na nyigu waliojaa kwenye matunda mpaka watoto wakawa wanaogopa kutoka nje. Kwanza asanteni sana. Nilianza na lile la kuokota matunda yaliyodondoka, asubuhi na jioni kila siku, yale yaliyooza nafukia kabisa, na aisee hapo ndo palikuwa na shida yenyewe maana wiki haijaisha wakawa wamepungua sana, kumbe walikuwa wanafuata ule utamu wa matunda yaliyopasuka chini. Yanayokaribia kuiva nimeyavalisha vifuko vya kitambaa chepesi. Mtego wa chupa nao nikaweka, maji ya sukari, sabuni kidogo na vinega ili nyuki wasije, ila niliutundika mbali na miti.

Kiota kilichokuwa mbali mwisho wa bustani nimekiacha, nyigu wanakula viwavi na sikutaka kuwamaliza wote. Cha pale mlangoni nilimwita fundi mwenye mavazi ya kujikinga akakitoa usiku wakiwa wametulia, hicho msijaribu wenyewe jamani, hasa kama kuna mtu nyumbani ana aleji.