Dola 2.13 kwa saa tangu 1991, halafu mnaniambia "si unapata tipu"!

Wakuu, leo nitasema. Kila nikilalamikia mshahara, wa nyumbani na wa hukuhuku Texas wananijibu kitu kilekile: si unapata tipu, yaani bakshishi ya wateja?

Kima cha chini cha shirikisho hapa Marekani ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009. Ila sisi wahudumu wa mezani, sheria inamruhusu tajiri atulipe 2.13 tu, nyingine ajazie kwa tipu zetu wenyewe. Hiyo 2.13 ni ya 1991! Mwaka 1996 wakaitenganisha na kima cha chini, ikaganda hapohapo. Kodi ya nyumba je, iliganda?

Eti tipu pamoja na hiyo 2.13 zisipofika 7.25 mwajiri anafidia. Hesabu inapigwa kwa wiki nzima, kwa hiyo Jumamosi yenye wateja inameza Jumatatu uliyoshinda umesimama bure. Na ninapofanya kazi mimi, ukidai hiyo tofauti, wiki inayofuata unakuta zamu zimepunguzwa. Meneja hana hata haya.

Kinachoniuma zaidi ni saa zisizo na mteja. Unaingia saa nne asubuhi, unashusha viti, unakata ndimu, unaviringisha uma na visu kwenye vitambaa. Usiku unadeki na kusugua mashine ya soda. Nani atakupa tipu kwa kudeki? Kulikuwa na kanuni ya Wizara ya Kazi kwamba kazi za namna hiyo zikizidi asilimia 20 ya saa zako, zinazozidi zilipwe kima kamili. Agosti 2024 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho kule New Orleans ikaifuta!

Mwaka 2025 wakaleta nafuu ya kodi kwenye tipu, watu wakashangilia. Tajiri hapo katoa nini? Hata senti. Bado mteja ndiye anayenilipa mshahara.

Na msiniambie migahawa itafungwa. California, Minnesota, Oregon na majimbo mengine manne wanalipa kima kamili, tipu juu yake, na watu wanakula hotelini kila siku. Pale Washington DC wananchi walilipitisha jambo hili kwa kura mara mbili, 2018 na 2022. Mara ya kwanza baraza la jiji likafuta, mara ya pili, 2025, likachakachua. Kura ya mwananchi ni ya nini basi?

Mlioko Minnesota na California, wekeni hapa slipu zenu za mshahara zinasomaje, ficheni majina. Kuna watu humu wanabisha.