Mrejesho: yule wa ghala la korosho aliyekuwa anakosa Ijumaa
Wakuu habari za jioni, mimi ndo yule niliyeomba ushauri mwezi uliopita, nabeba magunia ghala la korosho hapa Mtwara, msimu umechanganya, Ijumaa zinapita sijaenda msikitini na nikirudi geto ni kulala tu, nikauliza niache kazi au nivumilie. Wengi mlisema acha, wachache mkasema kaongee na msimamizi kwanza. Basi nikajikaza nikaenda, moyo unadunda balaa, kumbe mzee wa watu hana shida, kasema toka saa sita na nusu, saa nane uwe umerudi, jioni utafidia. Yaani miezi yote naogopa kitu ambacho hata sijauliza!

Ijumaa mbili sasa naswali na wenzangu, jioni nafidia, mgongo unauma uleule siwadanganyi.

Jana Jumapili asubuhi nikapanda daladala mpaka Mikindani, simu nimeiacha makusudi. Bamvua, maji yamekupwa mbali, kina mama wameinama kwenye miamba wanachokoa pweza na vijiti. Nikanunua muhogo wa kukaanga wenye pilipili, nikakaa juu ya ngalawa mbovu mpaka maji yakaanza kunifuata miguuni.